Je, msamaha wa Rais wa Marekani unamfikia aliyehukumiwa na jimbo?

Mkaazi wa Houston
Ndugu wanajukwaa, salaam. Binamu yangu, mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, alitiwa hatiani kwa wizi na mahakama ya jimbo la Texas, akamaliza kifungo chake, na sasa familia inahofia asije akafukuzwa nchini. Wazee wanatuhimiza tumwandikie Rais, kwa kuwa nyumbani Tanzania wamezoea kusikia msamaha wa wafungwa ukitangazwa na Rais katika maadhimisho ya Uhuru. Je, barua hiyo itafika popote, au tunapaswa kumwendea Gavana?

Mwanasheria Mstaafu
Ndugu, kwa Rais hamtapata kitu, na nawasihi msipoteze muda huko. Ibara ya 2 ya Katiba ya Marekani inampa Rais uwezo wa kusamehe makosa dhidi ya Marekani, maana yake makosa ya sheria za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, isipokuwa katika mashtaka ya kumwondoa kiongozi madarakani. Ndiyo maana Desemba 2024 Joe Biden aliweza kuwabadilishia adhabu ya kifo wafungwa 37 kati ya 40 waliohukumiwa na mahakama za shirikisho, lakini hakuweza kumgusa hata mmoja wa wale waliohukumiwa na majimbo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Steve Bannon, aliyekuwa mshauri wa Donald Trump: Januari 2021 Donald Trump alimsamehe katika kesi ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya ukuta wa mpakani, mwaka 2022 jimbo la New York likamshtaki kwa sheria zake lenyewe kuhusu michango ileile, na mwaka 2025 akakiri kosa.

Wazee waelezwe pia kwamba hata kwetu mamlaka hayo hayako mahali pamoja, kwa kuwa Rais wa Zanzibar naye ana uwezo wake wa kutoa msamaha.

Bi. Rehema, Dallas
Naongezea upande wa Texas, kwa kuwa hapa hata Gavana amefungwa mikono. Tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1936, yaliyofanywa baada ya utawala wa akina Ferguson (Gavana Miriam Ferguson na mumewe James, aliyewahi pia kuwa Gavana) kuandamwa na tuhuma kwamba misamaha ilikuwa ikiuzwa, Gavana hawezi kumsamehe aliyetiwa hatiani mpaka Bodi ya Misamaha na Parole impelekee pendekezo lililoungwa mkono na wajumbe wake wengi. Anachoweza kufanya peke yake ni kuahirisha utekelezaji wa hukumu ya kifo mara moja, kwa siku zisizozidi 30. Kwa hiyo maombi yenu yaanzie kwenye Bodi.

Majimbo hayafanani kabisa katika jambo hili. Katika Georgia ni bodi inayosamehe na Gavana hana kauli, ilhali katika Illinois Gavana George Ryan, siku chache kabla ya kuondoka madarakani Januari 2003, aliwabadilishia adhabu wafungwa wote waliokuwa wakisubiri adhabu ya kifo. Binafsi naona utaratibu wa bodi ni salama zaidi, ingawa ni mgumu kwa mwombaji.

Mwanasheria Mstaafu
Bi. Rehema amesema kweli, na kuna jambo ambalo familia isilipuuze. Sheria ya uhamiaji ya shirikisho inatambua msamaha kamili, usio na masharti, uliotolewa na Rais au na Gavana wa jimbo, kuwa kinga dhidi ya kufukuzwa nchini kwa baadhi ya makosa, na wizi kwa kawaida huingia humo. Makosa ya dawa za kulevya hayamo. Hata hivyo kinga hiyo inahusu kufukuzwa tu, na anayetoka nje ya Marekani akataka kurejea hupimwa kwa vigezo vingine ambavyo msamaha hauvifuti. Kwa sababu hiyo, hata kama kuna msiba au harusi nyumbani, binamu yako asisafiri kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji akiwa na nakala ya hukumu mkononi.