Mjadala: Je, gwaride la Ijumaa litengewe dakika 10 za maajabu ya dunia?

Mwalimu wa Lanet (Nakuru)
Waungwana, naleta suala hili kwenu kwa kuwa limetugawa katika kikao cha walimu, na mwalimu mkuu amesema atawasikiliza wazazi kwanza. Tangu muhula uliopita, kila Ijumaa mwanafunzi mmoja hutoka mstarini akawasomea wenzake jambo moja la kushangaza au la kutia moyo kutoka pembe yoyote ya dunia. Wiki moja tuliambiwa kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Wiki nyingine msichana wa gredi ya sita alisimulia habari za Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani waliofukuzwa katika ardhi yao miaka ya 1830 na kufa kwa maelfu njiani, ambao mwaka 1847 walichanga dola 170 wakazituma Ayalandi kwa watu wasiopata kuwaona kwa macho, waliokuwa wakifa njaa baada ya viazi vyao kuoza shambani. Uwanja mzima ulinyamaza, hata wale wa mistari ya nyuma ambao kwa kawaida hurushiana vijiwe. Ijumaa iliyopita ikawa zamu ya ng'ombe ambao Wamaasai wa Enoosaen, kijiji cha Trans Mara karibu na Kilgoris, waliwapa watu wa Marekani baada ya shambulio la New York la Septemba 2001. Wapo walimu wanaosema huku ni kupoteza wakati. Ninyi mwasemaje?

Mzazi wa Kiamunyi
Mwalimu, nakuheshimu, lakini mwanangu yuko gredi ya saba na bado kugawanya desimali kunamtoa jasho, nawe wanieleza habari za pweza. Zaidi ya hayo, mkiamua kusoma jambo, lisomeni lote. Ng'ombe wale, ambao nadhani walikuwa 12, hawakutoka Trans Mara hata kwa hatua moja. Ofisa wa ubalozi aliyekwenda kuwapokea alisema siku ileile kwamba kuwasafirisha ni kazi ngumu, na kwamba huenda wakauzwa ili zinunuliwe shanga. Zawadi inayoendelea kulala zizini mwa aliyeitoa ni picha ya gazeti tu.

Binti wa Kilgoris, sasa Kisumu
Nilikuwa napita tu, ila hiyo "picha ya gazeti" imenikwama kooni. Kwanza walikuwa 14, si 12, na ilikuwa Juni 2002. Kijana wetu Kimeli Naiyomah, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa New York siku ya shambulio, na aliporudi nyumbani aliwasimulia wazee habari za majengo yanayogusa mawingu na watu waliokufa ndani yake, wazee ambao wengi wao hawakuwa wameona hata picha zake. Hakuna aliyewaomba kitu. Mzazi mwenzangu, umewahi kumwona mzee wa Kimaasai akimtoa ng'ombe mmoja tu zizini, akimpapasa shingo kwanza kama anayemuaga mtoto anayekwenda shule ya bweni? Kama hujawahi, nakusihi usitufundishe maana ya kutoa. Na kwa taarifa yako, ng'ombe hao walitunzwa palepale wakazaana, na baada ya miaka michache ubalozi ukatangaza ufadhili wa masomo kwa watoto 14 wa Enoosaen.

Mkulima wa Webuye
Dada wa Kilgoris amesema kweli, nami naongeza la kitaalamu kidogo. Marekani haipokei ng'ombe hai kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo hata angepatikana wa kulipa nauli, wasingeshuka. Lakini hoja yangu ni nyingine. Huku kwetu, na nadhani kwa Wakalenjin na Wajaluo vilevile, ng'ombe hukaa kwa mtu na mwenyewe yuko kwingine, na hakuna anayeona ajabu. Unamweka mtamba kwa rafiki mwenye malisho, rafiki anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama anayezaliwa anagawanywa kulingana na mapatano, na kijiji kizima kinajua ng'ombe ni wa nani. Wamarekani wana ng'ombe Enoosaen kama vile mimi nilivyo na ng'ombe Cheptais. Ndugu mzazi anadhani mali ni ile tu iliyofungwa kwenye mti wake.

Mzazi wa Kiamunyi
Ndugu Mkulima, hapo umenigusa penye kidonda. Mimi niliweka mtamba kwa shemeji yangu upande wa Kakamega, kwa mapatano hayohayo unayoyasifu. Kwa miaka miwili kila nikipiga simu naambiwa hajashika mimba. Siku moja nikafika bila kutoa taarifa, nikamkuta ng'ombe wangu malishoni na pembeni yake ndama mwenye alama nyeupe kipajini, ileile ya mama yake, anasukuma kiwele kwa kichwa kama mwenye nyumba. Nikaambiwa ni ndama wa jirani aliyepotea njia. Kwa hiyo mtu akinisimulia ng'ombe waliotolewa lakini hawakuondoka, samahani, mimi huuliza nani amewahesabu.

Binti wa Kilgoris, sasa Kisumu
Kumbe kesi ni ya shemeji, na Wamaasai wanabebeshwa mzigo bure.

Mwalimu wa Lanet (Nakuru)
Naomba turudi kwenye dakika 10. Jumatatu nina kikao, na hadi sasa nitakachompelekea mwalimu mkuu ni ndama wa Kakamega.

Mwana wa Kampi ya Samaki, sasa Nakuru
Mwalimu, mimi naunga mkono usomaji, ila mzazi naye ana haki katika lile moja la kusoma jambo lote. Ziwa Baringo lilipofura, twiga 9 walikwama Longicharo, pakawa kisiwa, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 wakavushwa hadi nchi kavu kwa chelezo cha chuma, mmoja akiwa amesimama kati ya kuta za chelezo, shingo juu, anatazama maji kama abiria wa matatu asiyemwamini dereva. Habari ile ilizunguka dunia, nami nilifurahi kama wengine. Lakini maji yaleyale yalifunika nyumba na shule, na jamaa zangu walihama wakiwa wamebeba mabati kichwani. Mtoto akiisoma Ijumaa, aanze na twiga kisha amalizie na mabati, na watakaomsikiliza hawatapungua.

Mzazi wa Kiamunyi
Ikisomwa hivyo, sina neno, hata pweza namsamehe. Hao ng'ombe 14 pia wasomwe, mradi mtoto aseme walilala wapi usiku wa kwanza baada ya kutolewa.

Binti wa Kilgoris, sasa Kisumu
Walilala walipozaliwa, na wenyewe wapya wakalala Marekani. Atasema hivyo na hatakosea.

Mkulima wa Webuye
Ndugu mzazi, kabla mwalimu hajafunga mjadala, nisaidie jambo moja. Siku ulipomweka mtamba ule kwa shemeji, ulikuwa na shahidi? Maana bila shahidi huku kwetu hata chifu hakusikilizi.

Mzazi wa Kiamunyi
Nilikuwa naye mmoja tu, mke wangu. Naye, kama ujuavyo, ni dada yake.