Wauza jenereta wa Nakuru, acheni kutuuzia namba ya kwenye katoni

Jameni, hii tabia imezidi. Mtu anaingia dukani, anataja vyombo vyake, muuzaji anajumlisha wati kwa simu, kisha anagonga katoni iliyoandikwa 2.8 kW kwa herufi nene: "Hii inatosha, na inabaki." Haitoshi! Fundi anayekuja kuiunganisha anaona kosa, ananyamaza, anapokea pesa yake na kushika njia. Kompresa ya friza ikiungua, mwenye mali anaambiwa stima ya jenereta "ni kali". Kali wapi? Ni hafifu, na ndiyo maana imeunguza.

Hiyo 2.8 ni kilele, nguvu ya muda mfupi tu. Nguvu ya kufanya kazi iko kwenye kibati ubavuni, kwa maandishi ya kusomea tochi, na mara nyingi ni 2.5. Na hata hiyo usiikamue yote. Kazi ya saa nyingi iishie asilimia 80.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna muuzaji hulitaja: mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Piga hesabu: 1,850 gawa kwa 300 ni 6.2, mara 3.5, unapata karibu asilimia 22. Ile 2.5 imekuwa 1.95. Kilele cha 2.8 kimekuwa 2.2. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, mnakatwa 13, ingawa joto la huko nalo linachukua chake. Eldoret mnakaribia 25. Na hiyo ni kama jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupimia petroli, imebadilishwa kufuata mwinuko. Ikiachwa ile ya kiwandani, petroli inazidi hewa, moshi unakuwa mweusi, plagi ya injini inajaa masizi na hasara inaongezeka.

Sasa mzigo wenyewe. Chukueni nyumba ya kawaida kule Lanet au Njoro: friza wati 200, friji 150, TV na king'amuzi 100, balbu kumi za wati 9 ambazo ni 90, na pampu ya kisima ya hospawa 1. Muuzaji ataandika pampu wati 746. Kosa! 746 ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Inayovutwa kwenye waya ni kama 1,100, kwa sababu mota yenyewe inakula. Jumla, vyote vikitembea, ni 1,640. Asilimia 80 ya kilowati 1.95 ni wati 1,560. Tayari tumepita, na bado hatujahesabu ile nguvu ya ziada ya kuiwasha pampu.

Kuwasha ndiko kwenye balaa. Mota inayoanza kutoka kusimama huvuta mkondo mara tano au sita ya ule wa kawaida, kwa nusu sekunde au zaidi. Kwa hesabu ya wati, pampu usiipe chini ya mara tatu: 3,300. Ongeza 540 za vitu vingine vilivyokwisha kuwaka, ni 3,840. Gawa kwa 0.78 kwa ajili ya mwinuko wa Nakuru: 4,920. Kwa hiyo nyumba hii inataka jenereta yenye kilele cha kilowati 5 kwenda juu. Muuzaji amewapa 2.8.

Mkitaka kujua inavyoua, sikilizeni pampu ikiwashwa. Injini inaguna na kushuka, taa zinafifia, friza inatoa mlio wa "nnnn", kisha "tik". Hiyo tik ni kinga ya kompresa ikikata, kwa sababu volti zimeshuka na mota imeshindwa kuzunguka, huku mkondo ukipanda na waya za ndani zikichemka. Kinga hukata, hupoa, hurudisha, hukata tena. Siku moja haitakata. AVR, kile kidhibiti volti cha jenereta, nayo inajaribu kuinua volti kwa nguvu ambayo injini haina, mpaka inaungua yenyewe. Basi washeni pampu kwanza, ikiwa peke yake, ndipo mfuate friza, kisha friji, moja moja. Na shawa ya maji moto ya wati 5,500 isahauni kabisa.

Wenye jenereta za dizeli zilizoandikwa kVA (volti mara mkondo, si kilowati): nyingi za fezi tatu, kilowati zake ni kVA mara 0.8. Jenereta ya 10 ni kilowati 8, si 10. Mizani iko upande wa pili pia: ukiiendesha siku nzima chini ya asilimia 30, dizeli haiungui vizuri na ekzosi inaanza kutema mafuta meusi.

NYONGEZA: Aliyeandika kwenye maoni hapo chini kwamba anaingizia stima ya jenereta kwenye soketi ya ukutani, kwa waya wenye plagi pande zote mbili, atoe huo waya leo. Pini zake zina volti 240 mkononi mwako. Meni swichi ikisahaulika, umeme unarudi nyuma kupitia transfoma na kutoka upande wa pili ukiwa volti 11,000, juu ya nguzo ambayo mtu anaitengeneza. Weka swichi ya chenjiova, ile ya kuchagua stima ya nguzo au ya jenereta, kamwe si zote mbili.

Na mnaouliza mtajuaje nguvu ya kweli ya jenereta mkiwa dukani: nendeni na jagi la umeme la wati 2,000 na mita ya kupima volti na hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Bila mzigo, jenereta nzuri husoma hezi 52 hivi. Chomeka jagi, ngoja maji yachemke. Ikishuka chini ya 49, au volti zikienda chini ya 220, hiyo 2.8 yao ni ya katoni. Muuzaji akiwakatalia kujaribu, mnajua kwa nini.