Njiwa wekundu wa mkia mweupe: jozi ipi kati ya hizi mbili?

Uyole Juu: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nanunua jozi ya njiwa, hela ipo mkononi. Nataka ukoo wa njiwa wekundu wenye mkia uliopauka kama maziwa, bila ule mstari mweusi karibu na ncha. Nimeona jozi mbili. Soweto, hapa Mbeya mjini: dume mwekundu, jike wa kijivu, 30,000. Tukuyu: dume wa kijivu, jike mwekundu, 20,000. Nichukue ipi?

Mama Kihesa: Kamwene. Mdogo wangu, hapo hujatuambia kitu. Wana umri gani? Ni ndugu wa kiota kimoja? Wameshataga? Na banda unalo, au watalala kwenye boksi?

Sae Mwisho: Chukua wa Tukuyu. Wamezoea mvua na baridi. Wa mjini ukiwaleta Uyole mwezi wa saba, makinda wanakufa.

Mwalimu Rungwe: Baridi haihusiani na mkia, ndugu yangu. Rangi hizi zinafuata jinsia. Wekundu unafunika ukijivu, na jike anachukua rangi hiyo kwa baba yake tu. Kwa hiyo jozi ya Tukuyu itakupa madume wote wekundu na majike wote wa kijivu, wenye mstari mweusi mkiani. Faida yake, kinda akiota manyoya unajua jinsia yake. Hasara, uzao wa kwanza hupati jike mwekundu hata mmoja.
Wa Soweto inategemea dume. Mkunjue bawa na mkia kwenye mwanga. Ukiona vidoa vyeusi kama matone ya wino, amebeba kijivu, na karibu nusu ya makinda watatoka wa kijivu. Akiwa safi kabisa na ameshakomaa, nampa nafasi kubwa kuwa hajabeba kijivu.

Sae Mwisho: Mwalimu, mimi ninao wekundu wa tofali mpaka mkiani. Hao wa mkia uliopauka mnawatoa wapi?

Mwalimu Rungwe: Hao wako wa tofali ni wekundu wengine. Rangi yao hujificha, hutokea tu kinda akiipata kwa baba na kwa mama. Usiwachanganye na hawa, utahangaika miaka.

Mafinga Baridi: Mnabishana rangi, mwenzenu yatamkuta yaliyonikuta. Nilinunua wanne wakubwa, wazuri kweli, kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara kuu. Nikawafungia siku tano. Siku ya sita nikamwaga mtama chini, nikafungua mlango. Hawakuugusa. Walipanda batini, wakazunguka mara mbili juu ya mti wa parachichi, wakaondoka. Nikafuata kwa baiskeli, nikawakuta wametulia juu ya kizimba chao cha zamani, mmoja ananguruma kama hajawahi kuhama. Jamaa akaniambia yeye alishauza, nikamate mwenyewe. Wiki ileile akawauza kwa kijana mwingine. Iliniuma sana. Tangu hapo nachukua makinda ambao hawajaruka, au nawafungia wakubwa mpaka waatamie na kuangua kwangu.

Sae Mwisho: Njiwa wakihama nyumba, ndani kuna ugomvi. Wazee walisema.

Mama Kihesa: Kwangu walihama wiki nzima, tukadhani hivyo hivyo. Kumbe kicheche alikuwa anaingia usiku, nikaona manyoya nyuma ya banda. Nikaziba tundu, wakarudi. Uyole, hujanijibu.

Uyole Juu: Samahani dada. Wote wakubwa. Wa Soweto wameshaangua mara mbili, wa Tukuyu muuzaji anasema ni ndugu. Banda ninalo, la mbao. Dume wa Soweto ana vidoa viwili bawani, nilidhani ni uchafu.

Mwalimu Rungwe: Si uchafu huo.

Mama Kihesa: Na ndugu usiwachukue.

Mafinga Baridi: Soweto hadi Uyole njiwa anarudi kabla hujamaliza chai. Fungia.

Uyole Juu: Sasa mnanichanganya. Kuna mwenye makinda wekundu, mkia safi, Mbalizi au Igawilo?

Sae Mwisho: Mtama kilo shilingi ngapi huko kwenu siku hizi?