Mtu akisema "Roho amenifunulia", tumjibu vipi?

Wapendwa, naombeni ushauri. Niko Bukavu, Kadutu. Kikundi chetu cha maombi hukutana Jumatano jioni kwa mama mmoja. Umeme ukikatika (na unakatika kweli) tunasoma kwa tochi ya simu. Juzi ndugu mmoja alisema Roho amemfunulia kwamba mafuta ya wale wanawali kumi wa mfano wa Yesu (Mathayo 25) ni sadaka. Tulipohoji, akafungua 1 Yohana 2:27: hatuna haja ya mtu kutufundisha. Nikamsomea 2 Petro 1:20 mbele ya wote: unabii wa Maandiko haufasiriwi apendavyo mtu fulani tu. Akanuna, hajarudi.

Lakini katika mstari ule wake, Yohana aliwaandikia "ninyi", wengi, si mtu mmoja peke yake. Na katika Matendo 15:28 mitume walisema "Roho Mtakatifu na sisi", baada ya kuhojiana sana.

Nimfuate nyumbani peke yangu, au na mzee wa kanisa? Na tumpimeje bila kumzimisha Roho?