Viongozi wa magrupu ya kupanda vilima Dodoma, acheni kuwatelekeza watu wa nyuma!

Mbukwenyi wana Dodoma, na wakuu wote humu.

Nina hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za vivutio vya mkoa wetu, hapa hatuongelei mandhari. Kero yangu ni moja: haya magrupu ya wikiendi ya kupanda vilima yanawaacha watu mlimani. Mtu yuko nyuma anahangaika na mawe, wenzake wameshashuka, wako kwenye supu. Jioni zinarushwa picha na maneno "tumemaliza wote salama". Wote wapi?

Mnajua mji wetu ulivyo sasa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku 2016, watu wameletwa kikazi kwa maelfu, familia zao ziko Dar au Mwanza, Jumamosi ikifika mtu hana pa kwenda. Anaona tangazo kwenye status: kilima kifupi, saa moja tu upo juu, wote mnakaribishwa hata wanaoanza, mchango elfu kumi na tano, tisheti humo humo. Na tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma 2024, wapo wanaopanda Ijumaa jioni kutoka Dar kwa ajili ya matembezi hayo tu. Mimi sina ugomvi na jambo lenyewe. Navipenda vilima vyetu, kuanzia Mlimwa, Imagi, mpaka vile vya upande wa Ntyuka. Ukifika juu asubuhi na mapema, pimbi wanaota jua kwenye majabali, mji wote uko chini yako na upepo unakupiga usoni, unasahau wiki nzima ya ofisini. Ndiyo maana nakasirika.

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Grupu silitaji, kilima sikitaji. Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi tuwe tumeshaanza kupanda. Tukaanza saa tatu na ushee, kwa sababu spika ilikuwa haijafika na mpiga picha alikuwa bado yuko njiani na bodaboda. Wenyeji mnajua saa tatu ya mwezi wa kumi inavyokuwa huku. Mvua ziliondoka na mwezi wa nne, vichaka vimepukutika vimebaki miiba mitupu, kivuli hakuna, na jabali likishapata jua linakurudishia joto lote kuanzia miguuni.

Na hewa ya huku inamdanganya mtu wa pwani. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna kaubaridi, hewa ni kavu. Dar ukitoka jasho shati linalowa, unajua kabisa mwili unapoteza maji. Huku jasho linakauka kabla hujaliona. Mtu anajiona mzima, kumbe ameshaishiwa, anashtuka kichwa kinagonga na macho yanaona giza. Kiongozi anayekusanya michango ya watu anapaswa kulisema hilo siku moja kabla. Yeye aliandika "hakuna haja ya kubeba mizigo". Kulikuwa na dada mmoja, mtumishi, mgeni kabisa Dodoma, akaja na chupa ya nusu lita. Alifuata maelekezo aliyopewa.

Sasa someni hapa vizuri, maana hapa ndipo penye uonevu wenyewe. Wenye kasi wanatangulia. Wakifika kwenye jabali zuri wanakaa, wanakunywa maji, wanapiga picha robo saa nzima. Yule wa nyuma anatokea anahema, hajapata hata mahali pa kuegemea, kiongozi anapiga makofi: "Haya, wamefika, twendeni!" Aliyechoka kidogo amepumzika sana, aliyechoka sana hakupumzika hata dakika moja. Kituo cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Yule dada tangu chini mpaka juu hakukaa mahali. Halafu watu wanageuka kumwangalia na kusema ni mvivu, hana mazoezi! Ungempa zile robo saa zenu, angefika juu akiwa na nguvu na akashuka na nyie.

Alipofika kileleni picha ya pamoja ilikuwa imeshapigwa. Na tisheti yao alikuwa ameivaa.

Kushuka ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, na watu hawalielewi hili, wanadhani ukishafika juu kazi imekwisha. Vilima vyetu vina changarawe iliyolala juu ya jabali, ukiikanyaga vibaya mguu unaondoka, na magoti ya mtu aliyechoka hayamshiki tena. Njia zenyewe ni za mbuzi na za akina mama wa kuni, zinagawanyika kila unapozunguka mawe mawili matatu. Jabali moja tu likiwa katikati, mwenzako aliye hatua thelathini mbele humwoni, na kwa ile spika yao hata ukipiga kelele hakusikii. (Spika mlimani ni balaa jingine. Nyuki wamejaa kwenye mapango na mibuyu ya huko, siku mtakapowachokoza hamtakuwa na pa kukimbilia.)

Nilibaki na dada wa watu. Nilimpigia admini, simu inaita tu. Tulifuata njia tuliyodhani ndiyo, ikatufikisha juu ya genge. Yeye maji yamekwisha, yangu yamebaki ya kulowesha midomo, ameanza kutapika. Waliotuokoa ni vijana wawili wachunga mbuzi. Walituona kutoka juu, wakaja wenyewe, mmoja akamshika mkono, mwingine akatangulia kuonyesha pa kukanyaga, wakatushusha upande mwingine kabisa na yalipoegeshwa magari. Bibi mmoja kwenye nyumba ya kwanza akampa maji kidogo kidogo na kumlaza chini ya mwarobaini wake mpaka akapata nafuu. Watu hawa hawakupokea mchango wa mtu. Hawakututangazia lolote.

Saa nane mchana, tukiwa bado kwa bibi, naingia kwenye grupu nakuta zile picha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza fulani yuko wapi. Nilipoandika yaliyotokea, admini akajibu: "Kila mtu apande kwa uwezo wake." Wanne wakamwekea dole gumba.

Najua wapo watakaokuja humu kusema asiyejiweza abaki nyumbani. Basi andikeni hivyo kwenye tangazo! Andikeni "wenye kasi tu" muone mtapata michango ya wangapi. Huwezi kumkaribisha anayeanza, ukala hela yake, halafu mlimani ukamgeuka kwa sababu anapanda kama anayeanza. Kilimanjaro, mita 5,895, wanaoongoza watu kila siku wanawaambia wageni pole pole, na waongozaji wasaidizi wanatembea na wale wa nyuma. Wao ndio wanaojua mlima. Nyie kwenye kilima cha Dodoma mnashindana na nani?

Mtu mmoja anayeijua njia akae nyuma kabisa, na asimpite yeyote mpaka chini. Mapumziko yaanze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa. Kuhesabu watu kabla ya kuanza, kileleni, na kwenye magari kunachukua dakika mbili, na wakipungua hakuna gari linaloondoka. Maji lita mbili kila mtu, yasemwe kwa msisitizo. Saa kumi na mbili iwe saa kumi na mbili, mpiga picha asipofika aachwe yeye. Na namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iwe kwenye tangazo kabla ya namba ya kutumia mchango. Mimi nilikuwa nayo kichwani na nilikuwa nimeshaanza kuibonyeza wale vijana walipotokea.

Wadau wa Dodoma, kama lipo grupu linalomsubiri mtu wa mwisho, liandikeni hapa chini ili wageni walijue. Yapo, nimewahi kusikia, ila hayajitangazi.

Na wewe admini, najua unasoma humu. Nilikuandikia Jumapili asubuhi kwamba dada alipelekwa zahanati akatundikiwa dripu, na kwamba unapaswa kumpigia umwombe radhi. Tiki mbili za bluu zipo toka Jumapili hiyo hiyo. Namba yake unayo, ndiyo aliyotumia kukutumia elfu kumi na tano. Mpigie.