Naomba ushauri: mipira ya maji ya tabo inavimba, Hilux niliyofunga 1KZ

MvuviKibirizi
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, nina Hilux iliyokuwa na injini ya 5L, ile dizeli isiyo na tabo, ikafa, nikatafuta 1KZ, dizeli yenye tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi kusukumia injini hewa), ikaja kwa treni kutoka Dar, fundi akaifunga na gari inavuta vizuri tu. Shida ni ile mipira miwili midogo ya maji ya kwenye tabo, upande wa tabo inavimba inalainika mpaka klempu inazama ndani, nimeshabadilisha na inarudia palepale. Naomba kujua ni mpira gani unahimili moto na hapa mjini naupata wapi. Ijumaa nina mzigo wa dagaa wa Kibondo na advansi nimeshapokea, nijibuni mapema jamani, usingizi wenyewe hauji.

DadaWaGungu
Pole kaka. Pita maduka ya spea pale Mwanga uulize mpira wa silikoni. Usikubali wakuuzie mpira wa dizeli eti unafanana, ule ukipitisha maji ya moto unaoza kwa ndani.

MzeeWaChumvi
Kijana mimi enzi zangu nilikuwa nabeba chumvi Uvinza, barabara ya vumbi tupu, na bosi wangu alikuwa na sheria moja, ukifika na mzigo usizime gari hapohapo, iache ingurume dakika mbili tatu tabo ipoe. Siku moja utingo akazima tumetoka kupanda mlima, gari ina moto, tukashuka kunywa chai. Kurudi tukawasha, moshi wa bluu mpaka abiria wa basi wakashuka kutushangaa. Vijana wa sasa mnazima gari huku mnaongea na simu. Uzime taratibu, mipira itakaa.

FundiKatubuka
Mzee shikamoo, hilo la kuzima uko sahihi. Ila mleta uzi, mpira wako hauna kosa. Kwanza kwenye tabo panatakiwa litoke bomba la chuma, mpira uanze mbali kidogo na moto wa eksozi. Pili niambie, maji ya kuingia tabo umeyachukua wapi na ya kutoka umeyarudisha wapi?

MvuviKibirizi
Fundi wangu ni mzoefu, ameunga kwenye njia ya hita. Na geji ya temprecha haipandi hata kidogo, iko katikati muda wote. Mimi nauliza mpira tu mkuu.

RaiaMwema_Kasulu
Hapa sijaona mtu akiuliza la msingi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Umebadilisha injini, umeenda TRA kubadilisha na taarifa? Siku ukikaguliwa barabarani ndio utajua mpira wa maji haukuwa shida.

FundiKatubuka
Hayo ya kadi yaje baadaye. Njia ya hita ina mipira miwili, mmoja unapeleka, mwingine unarudisha maji watapampu, ile pampu ya kuzungusha maji ya injini. Tii zako, yale maungio yenye midomo mitatu, ziko kwenye upi? Na hita yenyewe ipo?

MvuviKibirizi
Hita haipo, ilishatolewa zamani, Kigoma hapa nani anawasha hita? Ule mpira wa kupeleka fundi ameuziba mwisho, akaweka tii mbili juu yake, moja inaingia tabo na nyingine inatoka tabo. Ule wa kurudi watapampu nao ameuziba kwa boliti na klempu. Kasema maji yana presha yatajizungusha yenyewe. Na msimseme vibaya, huyu ndiye aliyenifungia injini kwa mkopo wakati wengine walitaka hela yote mkononi, siwezi kwenda kumfundisha kazi.

FundiKatubuka
Sasa umesema. Ndugu yangu maji hayatembei kwa sababu yana presha, yanatembea kwa sababu upande mmoja presha ni kubwa na upande mwingine ni ndogo. Tii zako zote mbili ziko kwenye mpira mmoja, tena uliozibwa mwisho, presha ni ileile huku na huku, kwa hiyo maji yaliyomo kwenye tabo yamesimama. Yanachemka humohumo, mvuke ndio unavimbisha mpira. Hapa Kigoma tuko mita 770 na kitu juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye 97, mfuniko wa rejeta ndio unaongeza hapo kidogo, lakini tabo ya dizeli yenye mzigo inapita moto wa nyuzi mia kadhaa, hayo maji machache yaliyosimama yatafua dafu wapi? Na geji haiwezi kukwambia, inasoma maji ya injini, haisomi ya tabo.

Na ukishazima ndio pabaya zaidi. Watapampu imesimama, moto wa eksozi unahamia katikati kwenye beringi, oili inaungua inakuwa makaa. Ndio maana njia inapangwa hivi: maji yaingie mlango wa chini, yatoke mlango wa juu, na bomba la kutokea liendelee kupanda bila kigongo cha kukamata hewa. Hapo hata injini ikiwa imezimwa, maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanaingia kwa chini. Ya kuingia acha palepale kwenye mpira wa kupeleka. Ya kutoka toa ile boliti, unga kwenye ule wa kurudi watapampu. Hiyo tu.

KijanaWaIpuli_Tabora
Kwa hiyo dagaa watafika Kibondo wameshakaangwa 😂

Mchunguzi_01
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. 1KZ inayokuja kutoka Dar ni ya Surf au Prado, hizo ni TE, pampu ya dizeli ya umeme na kontroli boksi yake. Hilux ya 5L ina kebo ya akselereta. Waya umetoa wapi? Na gari inachemsha tabo halafu "inavuta vizuri". Mtu katunga ili asifiwe majibu yakawekwe kwenye ukurasa wake. Picha hakuna.

DadaWaGungu
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Kaka weka picha.

MvuviKibirizi
Jamani nitunge ili nipate nini? Iko 1KZ-T, pampu ya kawaida, kebo ileile ya 5L imefungwa na kibati kilichochomelewa. Simu yangu kamera imekufa. Mnataka ushahidi, nimetoka kuiwasha sasa hivi: mpira karibu na tii nashika bila shida, karibu na tabo siwezi hata kugusa. Nimezima, ikagugumia kama chungu cha maharage karibu na eksozi, halafu maji yakapanda kwenye chupa ya akiba.

Mchunguzi_01
Hiyo ya kugugumia mtu hatungi. Sawa, ila ungesema T mapema.

FundiKatubuka
Huo ndio ushahidi wenyewe. Ubaridi kwenye tii maana yake hakuna kinachopita.

MvuviKibirizi
Sawa mkuu. Ila Ijumaa naenda kwanza na mzigo, natembea polepole, nikirudi ndio nimwambie fundi. Mwenye dagaa hatanielewa.

MzeeWaChumvi
Ukikwama katikati ya njia, hapo ndio atakuelewa?

FundiKatubuka
Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Nunua washa mpya za shaba za zile boliti za tabo, za zamani usizirudishe zitavuja. Mwambie fundi wako kwa heshima, mshike mkono aguse mpira mwenyewe. Na usijaze maji ya ziwa, weka koolanti. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, angalia ule weupe unaobaki chini ya birika lako la chai, na ile njia ya tabo ni nyembamba kuliko mdomo wa birika.

MvuviKibirizi
Mpira wa kurudi una upana tofauti na wa tabo. Tii ya namna hiyo ipo hapa mjini?

DadaWaGungu
Ipo ya shaba nyeupe yenye midomo miwili minene na mmoja mwembamba. Nenda na kipande cha kila mpira upimie palepale dukani.