Riwaya za kisayansi na za fantasia kwa Kiswahili, zipo au hazipo?

Kipepeo wa Ubungo

Habari zenu wadau. Nimemaliza The Three-Body Problem ya yule Mchina Liu Cixin na mpaka sasa akili haijatulia. Kwa ambao hamjaisoma, inaanzia Uchina 1967, Mapinduzi ya Utamaduni yamepamba moto, profesa wa fizikia anapigwa mbele ya umati mpaka anakufa huku binti yake anaona, na binti huyohuyo baadae anaishia kwenye kituo cha siri cha mawimbi, anapata nafasi ya kuongea na viumbe wa mbali huko, na kwa jinsi alivyokwishawachoka binadamu anawakaribisha waje. Yaani dunia nzima inaingia matatani kwa sababu ya mtoto mmoja aliyeona baba yake anauawa na hakuna aliyemwomba radhi. Hapo ndo nilipokamatika mimi, sio kwenye hesabu za sayari. Na jamaa kaandika Kichina kwa ajili ya Wachina wenzake, alikuwa injinia kwenye kituo cha umeme, kitabu kimetoka 2008, Kiingereza kimekuja 2014 na mwaka uliofuata kikabeba tuzo ya Hugo, ile kubwa ya vitabu vya kisayansi na fantasia.

Sasa swali. Sisi tuna nini? Kila nikiuliza naambiwa Kiswahili hakina hizo mambo, waandishi wetu ni ndoa, ufisadi na ukimwi basi. Nakataa kuamini. Nataka kitabu chenye bahari yetu, miji yetu, majini kama yapo, au hata anga za juu lakini watu wake waongee kama watu ninaowajua. Kiswahili ndo napendelea, ila hata cha Kiingereza kama kaandika mtu wa huku leteni. Na tafadhali msiniachie jina tu mkaondoka, semeni kikoje na nyie mlikionaje.

Mtu wa Kisauni

Dadangu tafuta The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mtu wa hapa hapa Mombasa. Kilitoka 2021, na 2022 kikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin, yule mwandishi wa fantasia wa Marekani, ndio mara ya kwanza tuzo hiyo ilikuwa inatolewa. Ni Kiingereza lakini Mombasa imejaa ndani mpaka unasikia harufu ya bahari. Kuna msichana Aisha, watu wake asili yao Hadhramaut kule Yemeni, babake mvuvi kaingia baharini hakurudi. Watu wazima washaanza kukubali, yeye anakataa, anatoka usiku kumtafuta kwa chombo kilichoundwa kwa mifupa, na mwenziwe safarini ni paka msomi anayesema, paka mwenye adabu zake na maneno yake makali. Huko baharini kuna madude ya kutisha sana na kila moja anapambana nalo kivyake.

Lakini sikiza, watu wengi husifu ile safari halafu wakifika nusu ya pili wanalalamika kuwa kitabu kimepoa kwa sababu msichana amerudi nyumbani. Mimi naona kinyume. Ile nusu ya pili ndiyo kitabu chenyewe. Mtu ameshaongea na majitu ya baharini, sasa arudi akae na nyanyake ambaye shida yake ni mjukuu atulie aolewe, na kunguru wapo juu ya paa wanamtazama na wana mambo yao pia. Ukiishi huku unawajua wale kunguru, ukiacha samaki uani ukigeuka tu hayupo, sasa mwandishi amewapa ndimi na siasa. Nilikuwa nasoma na kunguru wako dirishani kwangu wanapiga kelele, nikafunga dirisha kwanza.

mwalimu_Tanga

Ndugu yangu Kipepeo, Kiswahili kinazo, na zimeandikwa kabla hata baadhi ya wazazi wetu hawajazaliwa. Tatizo tulikabidhiwa darasani. Mimi nafundisha fasihi na hili linaniuma sana. Mtoto anapewa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu cha 1952, kabla hajafika ukurasa wa kumi anaulizwa dhamira, maudhui, falsafa ya mwandishi. Hakuna anayemwacha asome ajue kisha ikawaje.

Hebu ichukueni kama hadithi tu. Kuna liwali wa mji wa Janibu, mtu mwema anasifiwa na kila mtu, lakini nyumbani kwake kuna manyani wawili na kila usiku anawachapa viboko. Anawachapa huku analia. Kisha anawalisha. Mfalme akipata habari anataka kujua kulikoni, na ndipo inakuja kufichuka kuwa manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, na aliyewageuza ni Huria binti wa mfalme wa majini, na sharti lake ni kwamba wasipochapwa yeye Adili ndiye atakayekiona. Sasa niambieni ni riwaya gani ya fantasia ya Ulaya yenye sharti gumu kuliko hilo, umpige nduguyo kila siku na unampenda. Na kuna ile sehemu anaingia kwenye mji ambao watu wote wamegeuka mawe, mitaani, madukani, hakuna anayejibu salamu. Naisoma kila mwaka na wanafunzi na bado nywele zinanisimama.

Mzizi wake uko kwenye Alfu Lela Ulela, ni kweli, kule walikuwa mbwa. Lakini kukopa hadithi ndiyo kazi ya fantasia siku zote.

Halafu Kusadikika, 1951, nchi nzima iko hewani, wajumbe wanatumwa pande zote hadi mbinguni na hadi huku ardhini kuleta maarifa, wakirudi wanatiwa gerezani. Hii naipenda kidogo chini ya Adili maana sehemu kubwa ni hotuba mahakamani. Na kwa upande wa anga za juu tafuta Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Dzombo kahukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kufungiwa kwenye chombo na kurushwa angani, wote waliotangulia hawakurudi. Yeye badala ya kukaa anasubiri mauti anajifunza kukiendesha, anaenda kutua Walenisi ambako watu wanaishi kwa usawa. Kumbukeni mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini miaka ya 1980 wakati wa Moi. Ukisoma ile sehemu ya mtu peke yake ndani ya chombo kilichofungwa, mkono unatafuta hiki na kile gizani, unajua kaandika mtu anayejua kufungiwa.

Unguja Ukuu

Mwalimu shikamoo. Nimefurahi umeitaja Adili lakini nna jambo, na naliuliza kwa kutaka kufahamu, si kwa ubishi. Sisi kwetu jini si fantasia. Jini yumo kwenye Qur-ani, ana sura yake ya 72. Bibi yangu akihadithia habari za jini wa mbuyuni hakuwa anatunga, alikuwa anatoa habari, kama anavokwambia nani kaoa nani kafa. Sasa mzungu akisoma kitabu chenye jini anakiweka kabati moja na joka linalotema moto, kwa sababu yeye vyote kwake havipo. Mimi nikisoma hichohicho kinanitisha kwa namna nyengine kabisa, nazima taa kwa hadhari.

Ndo maana nasema vitabu vyetu vinafanya kazi kwa njia yao. Chukueni Ziraili na Zirani ya William Mkufya, 1999. Mtoa roho ni mhusika, kuna ahera, kuna vita baina ya mbinguni na kuzimu. Kuna watu wanaikataa hata kuishika kwa sababu wanaona kachezea mambo yasiyochezewa. Mimi nimeisoma yote, na pale ilipokuwa inanigusa ni kwa sababu malaika yule namuamini, si kwa kuwa kabuniwa vizuri. Hakuna mwandishi wa Marekani anayeweza kunifanyia vile kwa joka lake.

Na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001. Bwana mkubwa anaitwa K, ana cheo ana mali, babu yake alokwishakufa anamrejea na kumtembeza kumuonesha alivoiacha nchi. Kisiasa sana lakini yule babu kachorwa vizuri, ana kiburi cha wazee hasa, hamsemezi K kama kiongozi, anamsemeza kama mjukuu alokosa adabu.

Dereva wa Usiku

Mbona hakuna aliyetaja hadithi za simu. Wakuu mimi ni dereva, nikipaki nasubiri mzigo nasoma, na nakwambieni fantasia ya Kiswahili iko hai hatari, iko watsap. Mtu anaandika sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure, jamaa kaoa mwanamke wa ajabu usiku hayupo kitandani, kucha zake hivi, mara kuna mji chini ya bahari, mara ndugu wa mke wamekuja kumdai, alafu sehemu ya sita tuma buku uingizwe kwenye grupu. Na watu wanatuma! Mimi natuma. Uandishi wenyewe mara nyingine haujahaririwa, jina la mhusika linabadilika katikati, lakini mwandishi anajua kukuachia pale pale pabaya anaandika ITAENDELEA unabaki unatukana peke yako kwenye gari. Hakuna mtu anauliza falsafa ya mwandishi kule, swali ni moja tu, sehemu inayofuata iko wapi. Kwahiyo mwalimu nakuunga mkono asilimia zote.

Ngomeni Boy

Nawasoma tangu asubuhi na nitapinga kidogo. Majini tunayo, wafu wanaofufuka tunao, sawa, hapo Kiswahili hakijawahi kukosa. Lakini Kipepeo ameanza na Liu Cixin, na pale sayansi ndio inasukuma hadithi, ukiitoa kitabu kinaanguka. Walenisi nimeisoma na naiheshimu sana, lakini chombo cha Dzombo ni njia tu ya kumfikisha kule, mwandishi haja yake ni jamii atakayoikuta, hataki kujua kinavyoruka. Ungeweka farasi mwenye mbawa hadithi isingebadilika. Sisemi ni kosa. Nasema bado hatujaandika ile nyingine.

Na nitawaambia kinachoniuma. Mimi ni wa pande za Malindi. Mwaka uleule 1967 ambao Liu ameanzia hadithi yake, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo mbele ya Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Walirusha hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaruka setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei angani, na ndiyo iliyosaidia kuwaonyesha wanasayansi kile kitu Cygnus X-1 ambacho leo kinahesabiwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Jamani, hapo kwetu! Wavuvi wako na mitego yao na ngalawa, na juu ya maji kuna chuma kinatoa moto kinaenda kutafuta mashimo meusi. Hadithi si ndiyo hiyo iko tayari, babake msichana yuko majini usiku ule, amepata kitu kwenye wavu, kitu chenyewe kinatoa sauti. Mchina angekuwa na hiyo angeandika vitabu vitatu.

Kwa nini haijaandikwa nafikiri sababu moja kubwa ni kwamba wachapishaji huku wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ambayo haina matumaini ya kuingia kwenye silabasi ni vigumu mtu kuweka pesa yake. Kwa hiyo hata anayeandika anaandika huku jicho moja liko kwa wizara.

mwalimu_Tanga

Marahaba Unguja Ukuu. Hoja yako ya jini nitaibeba darasani wiki ijayo, nataka nione watasema nini wale ambao nyumbani kwao yapo na wale ambao hayapo. Lakini nafikiri Shaaban Robert alijua msomaji wake anaamini, ndiyo maana Huria hatishi, ana haki zake na hasira zake kama jirani uliyemkosea.

Ngomeni Boy, kuhusu Walenisi hapo umenibana, siwezi kusema chombo kile kina sayansi ya kutosha. Ila farasi mwenye mbawa nakataa. Farasi humfungii mtu ndani. Pale penye vifungo na giza ndipo hadithi ilipo.

Kipepeo wa Ubungo

Jamani asanteni, sikutegemea haya yote. Nimempigia muuza vitabu vya zamani pale Posta, Adili anayo, Walenisi anasema ataulizia. House of Rust kuna rafiki yangu anatoka Nairobi mwisho wa mwezi nimemuagiza. Unguja Ukuu, mimi kwetu ni Wakristo wa bara na bibi yangu wa Songea naye alikuwa anaongea na marehemu babu jikoni asubuhi kama kawaida, wala hakuna aliyeshangaa, kwahiyo nakuelewa vizuri sana. Kuna mtu ananishauri pia Nagona ya Kezilahabi, nianze nayo?

Unguja Ukuu

Usianze nayo. Nagona ni nyembamba lakini nzito, 1990 ile, huelezwi uko wapi wala nani anasema, unatembea tu na msimuliaji kwenye vijiji visivyo na watu. Mimi mara ya kwanza niliiweka chini nikairejea baada ya muda mrefu, na hapo ndo ikanishika. Isome baada ya Babu Alipofufuka, ukishazowea mwandishi asiyekushika mkono, na Mzingile ifuate maana ni mwenziwe.

Dereva wa Usiku

Ngomeni Boy hiyo ya mvuvi na kitu kwenye wavu usiiache hapa hewani. Kiandike wewe. Usisubiri mchapishaji wala wizara, weka sehemu ya kwanza kwenye simu, mimi buku yangu iko tayari na grupu langu lina madereva wengi wa njia ya Tunduma wanasoma kila kitu. Ila jina la huyo msichana liwe moja mwanzo mpaka mwisho.